Moyo Mpya Katika Kifua Kikuukuu: Jinsi Mustang ya 1966 Ilivyobadilishwa Injini

Mhariri aliniomba shairi. Mimi na vina hatujawahi kuelewana, nikamwomba aniruhusu niandike juu ya injini. Akacheka. Akafikiri ni mzaha.

Si mzaha. Wanachama mliohudhuria kikao cha muhula wa pili mtakumbuka kwamba mwenzetu mmoja alisimama akadai Kiswahili ni lugha ya mashairi, methali na mapenzi tu, na kwamba anayetaka kueleza jinsi injini inavyofunguliwa na kufungwa tena atahamia Kiingereza kabla hajafika kwenye pistoni. Watu wakapiga makofi. Mwalimu mlezi hakusema neno, ila alinitazama mimi, kwa kuwa anajua mimi ni mwanafunzi wa Umekanika. Nami sikuwa na jibu siku ile. Haya basi, jibu ndilo hili, na nimechelewa kwa sababu ilibidi kwanza nimpigie mjomba simu mara kadhaa.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa fundi wa magari mjini Nakuru kabla ya kwenda Marekani. Mikono yake ilizoea Peugeot 504. Sasa anaishi Tacoma, katika jimbo la Washington, na kwa miaka mitatu amekuwa akinitumia picha na ujumbe wa sauti kuhusu gari moja kuukuu alilolinunua. Ujumbe wenyewe huanza hivi kila mara: "Mpwa wangu, chukua kalamu." Nami nachukua. Ninayoyaandika hapa yametoka katika daftari hilo, na makosa yake yamo pia, kwani aliniambia mwenyewe nisiyafiche.

GARI LENYEWE

Gari ni Ford Mustang. Aina hii ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 katika Maonyesho ya Dunia ya New York. Bei ya chini kabisa ilikuwa dola 2,368, na katika mwaka wa kwanza yaliuzwa magari zaidi ya 400,000. Uchawi haukuwepo hapo. Chini ya bodi ile ya kuvutia, yenye pua ndefu na mkia mfupi, ilikuwamo mifupa ya Ford Falcon, gari la kawaida la familia lililotoka miaka michache kabla. Kwa hiyo kampuni haikuanza kila kitu upya. Ilimvika mtu yuleyule suti mpya.

(Nchini mwetu magari haya ni adimu. Lakini wazee wapenzi wa mbio za magari watakwambia kwamba mwaka wa 1964 Wamarekani walileta Mercury Comet kadhaa katika mbio za Safari za Afrika Mashariki, zikiwa na injini za V8. Comet nayo ni ya ukoo huohuo wa Falcon. Mbio zenyewe zilishindwa na Ford Cortina, gari dogo la Uingereza. Tope la Kenya halikujali idadi ya silinda.)

Ukitaka kujua Mustang ya miaka ile ilizaliwa na injini gani, usimuulize mwenye gari, maana wengine huongeza chumvi. Soma namba ya gari. Ya mjomba inaanza hivi: 6R07T. Hiyo 6 ni mwaka, yaani 1966. R ni kiwanda cha San Jose, California. 07 ni bodi ya milango miwili yenye paa gumu. Na T ndiyo injini: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, zenye ujazo wa inchi 200 za mchemraba, takriban lita 3.3. Kama pangekuwa na herufi C mahali pa T, lingekuwa gari lililozaliwa na V8 ya inchi 289. Herufi moja tu, lakini tutaona kwamba ndani ya herufi hiyo mna ekseli, breki, springi na karibu roho ya mtu.

Injini ya silinda sita ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 120, na ile V8 ndogo nguvu 200. Msizishangilie sana hesabu hizo. Wamarekani wa wakati ule walipima injini ikiwa peke yake kwenye meza ya majaribio, bila mizigo inayoikalia ndani ya gari. Kuanzia magari ya mwaka wa 1972 ndipo walipoanza kutaja nguvu halisi ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote, na ghafla magari yote yakaonekana kama yameugua.

KWA NINI AIBADILISHE?

Gari lilikuwa limelala miaka mingi katika banda, upande wa mashariki wa milima ya Cascade, ambako baridi ya Desemba si ya kuvaa sweta moja. Mwenyewe wa zamani aliliacha na maji matupu ndani ya rediaeta, bila dawa ya kuzuia kuganda. Wanafizikia mnajua kilichofuata. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia tisa, na chuma cha kusubu hakitanuki kumridhisha mtu. Bloki ilipasuka ubavuni, ufa wa urefu wa kiganja.

Sasa hapo mjomba alikuwa na njia mbili. Angeweza kutafuta injini nyingine ya silinda sita kama ile, kwani mamia ya maelfu ya Mustang yalitoka nayo. Ingeingia siku moja na kila kitu kingekubaliana nayo. Au angeweza kuweka V8. Mimi, kwa maoni yangu ya Kidato cha Tatu, ningetafuta silinda sita. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Mpwa wangu, nilitoka Nakuru nikiwa na ndoto ya kusikia V8 asubuhi ikinguruma mlangoni kwangu. Wewe unaniambia habari ya kukubaliana." Basi nikanyamaza. Mtu mzima haambiwi mara mbili.

Alipata injini ya inchi 302, maarufu kama lita 5.0, kutoka kwenye Mustang ya mwaka wa 1989 iliyogongwa kwa nyuma ikaharibika kabisa. Ilikuja pamoja na giaboksi yake ya gia tano. Injini hii ni ya ukoo mmoja na ile 289. Hebu tuhakikishe kwa hesabu, kwa sababu walimu wa Hisabati nao husoma jarida hili. Ujazo wa silinda ni eneo la duara mara mwendo wa pistoni. Upana wa silinda katika injini zote mbili ni inchi 4, kwa hiyo nusu kipenyo ni 2, na eneo ni 3.1416 mara 4, yaani inchi 12.566 za mraba. Katika 289 pistoni husafiri inchi 2.87. Zidisha, kisha uzidishe kwa silinda 8: unapata 288.5. Katika 302 pistoni husafiri inchi 3. Zidisha: 301.6. Ukigeuza kuwa sentimita za mchemraba ni takriban 4,942, ambayo wauzaji waliona ni aibu kuiita lita 4.9, wakaandika 5.0 ubavuni mwa gari.

Tofauti yote hiyo imeletwa na sehemu 13 za mia moja za inchi katika mwendo wa pistoni. Bloki kwa nje zinafanana kama pacha. Ndiyo maana watu husema "itaingia tu". Jihadhari na neno hilo.

KUIFUNGUA

Kule Nakuru injini ilikuwa ikitolewa kwa cheni bloki iliyofungwa kwenye tawi la mti, na vijana wawili wakiisukuma isigonge bodi. Mjomba alikodi winchi ya magurudumu. Lakini kazi ya kwanza haikuwa winchi, ilikuwa vikopo na kalamu. Kila bolti iliingia katika kikopo chake, na kila waya ukavishwa kipande cha karatasi chenye jina. Picha zilipigwa kabla ya kufungua, si baada. Ananiambia mafundi wengi hawashindwi na kufungua, wanashindwa na kukumbuka.

Kabla hatujaendelea, tukumbushane injini inafanya nini, kwa faida ya wenzangu wa Sanaa. Pistoni inashuka ikivuta hewa na petroli kupitia valvu iliyofunguka. Inapanda ikibana mchanganyiko huo. Plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Kisha inapanda tena ikifukuza moshi kupitia valvu ya pili. Kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa. Konrodi inaigeuza ile panda-shuka kuwa mzunguko wa krenki, na krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti, ambayo ndiyo inayofungua valvu, inazunguka mara moja. Yote mengine ni watumishi: pampu ya oili, pampu ya maji, distribyuta, kabureta.

Hedi zilipotolewa, mjomba alipitisha ukucha juu ndani ya kila silinda. Ukucha ukanasa. Maana yake ringi za pistoni zilikuwa zimekula ukuta wa silinda na kuacha ngazi pale juu ambapo ringi hazifiki. Silinda ikishalika hivyo haiwi duara tena. Ukiweka ringi mpya juu ya ukuta wa namna hiyo utakula oili mpaka uchoke.

Kila konrodi ina kifuniko chake cha chini, na viwili hivyo vilichongwa pamoja kiwandani. Usimwoze kifuniko cha namba tatu kwa konrodi ya namba tano. Tundu halitakuwa duara, na beringi itaungua. Kwa hiyo kabla ya kufungua, mjomba alihakikisha namba zimepigwa pande zote mbili.

VIPIMO

Hapa ndipo nilipogundua kwamba fundi bora ni mwanafunzi wa vipimo. Bloki ilipelekwa kwenye karakana yenye mashine, ikachemshwa kwa dawa ya kuondoa mafuta na kutu, ikapimwa kama ina nyufa zisizoonekana, kisha silinda zikachongwa upya kuongeza upana kwa sehemu 30 za elfu moja za inchi. Hiyo ni kama milimita 0.76. Pistoni mpya zikanunuliwa za saizi hiyo. Bloki hizi zilisubiwa kwa kuta nyembamba ili ziwe nyepesi, kwa hiyo huwezi kuzichonga kila uchao. Ukizidisha sana, ukuta unabaki mwembamba na injini inachemka.

Ringi ya pistoni si duara kamili, ina mwanya. Ikipata joto hutanuka, na mwanya ndio unaoipa nafasi. Kanuni ya mafundi wa injini za kawaida ni sehemu 4 za elfu moja kwa kila inchi ya upana wa silinda. Silinda ya inchi 4 inataka mwanya wa takriban 0.016, kama milimita 0.4. Ukiwa mdogo mno, ncha mbili hukutana kwa joto, ringi hukosa pa kwenda na pistoni huvunjika. Mjomba aliingiza kila ringi katika silinda yake, akaisukuma chini kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, akapima. Zilizokuwa na mwanya mdogo alizipiga tupa polepole. Kazi hiyo peke yake ilimchukua jioni mbili, na shangazi akauliza kama ameoa injini.

Kisha beringi. Kati ya krenki na beringi lazima pabaki nafasi ndogo ya kupita oili, karibu sehemu 2 za elfu moja za inchi. Ni nyembamba kuliko unywele wa kawaida. Utaipimaje nafasi ambayo huwezi kuiona? Kuna uzi laini wa plastiki. Unaukata kipande, unaulaza juu ya krenki, unafunga kifuniko kwa nguvu kamili inayotakiwa, halafu unafungua tena. Uzi umebanwa ukawa bapa. Unalinganisha upana wake na mistari iliyochapishwa kwenye karatasi yake, na karatasi inakwambia nafasi ni kiasi gani. Niliposikia hivyo nilicheka kwa furaha bwenini hadi kiranja akaja.

Nguvu ya kukaza bolti nayo si ya kukisia. Kuna spana yenye kipimo. Bolti za hedi katika injini hii hukazwa hatua kwa hatua hadi futi-pauni 65 mpaka 72, ukianzia katikati na kuelekea nje kwa duara. Ukianzia pembeni unaifungia hedi mkunjo katikati, na gaskiti itapulizwa. Mjomba anasema kule Nakuru walikuwa na fundi mmoja mzee aliyekaza kwa mkono tu na hakukosea. Mimi naamini kwamba alikosea, ila magari yalikuwa yameshaondoka.

MITEGO YA PACHA

Nilisema 289 na 302 zinafanana kwa nje. Ya 1989 ina siri zake, na mjomba karibu anaswe na zote.

Siri ya kwanza ni mizani. Krenki ya injini hizi haijisawazishi yenyewe, inasaidiwa na uzito ulioongezwa upande mmoja wa flaiwili na wa pulii ya mbele. Injini za zamani zinataka uzito wa kiasi cha aunsi-inchi 28. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 zinataka 50. Muuzaji wa vipuri alimpa flaiwili ya "302" na kumhakikishia ni yenyewe. Ilikuwa ya 28. Bolti zote ziliingia vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo, maana injini ingetetemeka mpaka ijiue. Alilaza ya zamani na mpya chini bega kwa bega, akaona kipande cha uzito hakilingani, akairudisha.

Siri ya pili ni sampu. Sampu ya gari la 1989 ina mabirika mawili ya oili, moja mbele na jingine nyuma. Katika gari la 1966 vyuma vya usukani vinapita palepale ambapo birika la nyuma lingekaa. Ikabidi anunue sampu ya birika moja la mbele na bomba lake la kufyonzea oili.

Siri ya tatu, pampu ya maji. Injini ya 1989 ilikuwa na mkanda mmoja mpana unaozunguka pulii zote, na kwa mpango huo pampu inazungushwa kinyume. Mjomba alirudisha mikanda ya kizamani, kwa hiyo pampu nayo ilibidi ibadilishwe. Angeiacha, ingezunguka upande usio wake na injini ingechemka huku rediaeta imejaa.

Siri ya nne ndiyo iliyompata. Silinda nane haziwaki kwa mpango wa 1, 2, 3, 4. Zina foleni yake. Katika 289 na 302 za zamani foleni ni 1-5-4-2-6-3-7-8. Katika 302 ya 1989 ni 1-3-7-2-6-5-4-8, kwa kuwa kamshafti yake imechongwa hivyo. Mjomba aliondoa mfumo wa petroli wa kompyuta, akaweka kabureta na distribyuta ya kawaida, akafungua kitabu cha gari la 1966 na kuunganisha waya za plagi kama kilivyosema. Kitabu hakikukosea. Kilikuwa kinazungumzia injini nyingine.

Siku ya kuiwasha alinipigia simu ya video. Kwetu ilikuwa usiku, nilikuwa likizo, na nyumba nzima ilikusanyika, nyanya akiwa mbele. Kwanza alizungusha pampu ya oili kwa drili bila kuwasha injini, mpaka oili ikafika juu kwenye valvu, ili chuma kisisuguane kikiwa kikavu. Vizuri. Akakaa, akageuza ufunguo. Injini ikakohoa, ikapiga mlio kama wa bunduki, na moto ukatoka kabureta ukimtazama usoni. Nyanya akasema, "Mwambieni azime, hiyo kazi si ya Mungu." Nusu ya silinda zilikuwa zinapata cheche kwa zamu isiyo yao. Ilimchukua siku mbili kugundua. Akahamisha waya nne tu, akajaribu tena, na safari hiyo ikanguruma. Sauti ya V8 haifanani na ya injini tuliyozoea, ni nzito na ina hatua kama ya mtu mnene anayeshuka ngazi bila haraka. Nyanya aliomba iwashwe mara ya pili.

BREKI

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo jambo lililonifanya niandike.

Turudi kwenye ile herufi T. Kiwanda kilipotengeneza gari la silinda sita, hakikuweka injini ndogo tu. Magurudumu yake hushikwa na nati nne, ya V8 nati tano. Dramu za breki za mbele ni za inchi 9, za V8 ni inchi 10. Difu ya nyuma ina gia kubwa ya inchi 7.25, ya V8 inchi 8. Vyuma vya usukani ni vyembamba, na springi za mbele ni laini. Kila kitu kimepimwa kwa injini ile. Ukiweka V8 bila kugusa hivi vingine umempa mtoto wa darasa la tatu viatu vya kukimbilia na miguu ya mtu mwingine.

Mjomba alijua. Hakuna fundi asiyejua. Lakini pistoni, karakana ya mashine na giaboksi vilikuwa vimekula pesa zote. Akasema breki atafanya mwezi ujao, kwa sasa ataendesha polepole. Polepole, na V8 mpya!

Fizikia inasema nishati ya mwendo ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati inakuwa mara nne. Breki kazi yake ni kuigeuza nishati hiyo yote kuwa joto. Dramu ni kama sufuria iliyofunikwa, joto halitoki upesi. Ikipata joto kupita kiasi, hutanuka ikijitenga na viatu vya breki, na vitambaa navyo hupoteza ukali. Dereva anakanyaga, pedeli inasukumika, gari haliitiki.

Jumapili moja alimchukua binamu yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, waende wakanunue maziwa. Tacoma ina vilima. Walishuka kilima kirefu chenye taa za barabarani, akifunga breki katika taa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaanza kunusa kitu kinachoungua. Taa ya nne ilikuwa nyekundu na palikuwa na basi likipita. Alikanyaga kwa miguu yote miwili. Ananiambia alisikia gari linaendelea tu, bila haraka, kama mtu asiyesikia anapoitwa. Aliingiza gia ya pili kwa nguvu, akavuta breki ya mkono, akapanda ukingo wa barabara kwa gurudumu la kulia na kusimama kwenye nyasi za kanisa. Basi lilipita. Binamu yangu aliuliza kama wamefika.

Ujumbe wa sauti wa siku hiyo haukuanza na "chukua kalamu". Ulikuwa wa kimya karibu dakika nzima, nikidhani simu yangu imeharibika, kisha akasema, "Mpwa wangu, nimefanya ujinga." Kuna wanaosema habari kama hii isiandikwe katika jarida, inamwaibisha mtu mzima. Nilimwomba ruhusa mara mbili. Alisema niandike kabla ya habari za pistoni. Nimeiweka mwisho kwa sababu nilitaka kwanza muipende injini hiyo kama alivyoipenda yeye.

Gari lilikaa juu ya mawe miezi kumi na moja. Katika muda huo alinunua ekseli ya nyuma ya inchi 8 kutoka kwa Mustang nyingine ya V8 ya miaka ileile, stabu aksali na habu za nati tano, breki za diski za mbele, springi nzito na vyuma vinene vya usukani. Pia aliondoa pampu ya breki ya kizamani. Magari ya 1966 yalikuwa na pampu ya chumba kimoja, kwa hiyo bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanapoteza breki. Aliweka ya vyumba viwili, mfano wa zile zilizoanza na magari ya 1967, ambayo mbele ikifa, nyuma inabaki hai. Gharama ya yote hayo ilipita bei aliyonunulia injini.

Herufi T hakuigusa. Wapo wanaothubutu kuibadilisha ili gari lionekane lilizaliwa V8 na kuuzwa ghali, lakini kuchezea namba ya gari ni jinai huko Marekani. Namba bado inasema silinda sita, na anayefungua boneti anaona nane. Mjomba huwaeleza watu kabla hawajauliza.

Sasa gari linatembea. Bado linavuja oili kidogo mahali fulani nyuma ya sampu, na mjomba anadai ni jasho tu. Binamu yangu hukaa mbele, mkanda umefungwa, na wakifika kwenye kilima kile huhesabu taa kwa sauti.

MAZOEZI

1. Silinda za injini ya mjomba zilichongwa hadi upana wa inchi 4.030, na mwendo wa pistoni ulibaki inchi 3. Tafuta ujazo mpya wa silinda zote nane.

2. Linganisha foleni mbili za kuwaka nilizozitaja. Siku ile ya moto wa kabureta, ni silinda zipi nne zilizokuwa zikipata cheche kwa wakati wake?

3. Gari linaloenda kilomita 60 kwa saa lina nishati mara ngapi zaidi ya lilelile likienda kilomita 40 kwa saa?

4. Mwenzetu wa muhula wa pili anaombwa aandike upya aya yoyote ya makala haya kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Mhariri amekubali kumpa ukurasa mzima mwaka ujao.